Mita Tano za Bi Zainabu

Mwezi wa kwanza wa kustaafu kwangu mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na mimi nilikaa jikoni nikikaanga karanga. Sikwenda ziwani. Binti yangu aliniuliza, "Mama, leo huendi kuangalia maji?" Nikamwambia maji yana wenyewe sasa, wana kompyuta na pikipiki. Jamani, kustaafu kutamu! Miaka yote ile, mawingu yakikusanyika upande wa Sekenke, wenzangu waliwaza mashamba yao, mimi niliwaza vibali vyangu.

Ninyi vijana mlioniaga kwa keki na kitenge mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi yetu ya kupunguza umbali wa ujenzi kando ya ziwa, kwa sababu mnasema mafaili ya zamani hayasomeki. Kweli hayasomeki, mengi yameliwa na mchwa, na mwandiko wangu ulikuwa mbaya hata kabla ya mchwa. Basi nitaandika ninavyokumbuka. Vyeo na mishahara nitavipita. Vilikuja kwa kuchelewa, vikaondoka mapema, hamna cha kujifunza humo.

Nilifika ofisini na sanduku la bati kutoka kwetu Mkiwa, nimetoka chuoni, nimejaa maneno makubwa. Chumba kilikuwa na meza mbili, kiti kimoja na nusu, na mashine ya taipu isiyokuwa na herufi ya "k". Fikirieni wenyewe kuandika kibali cha kujenga kwenye kiwanja bila "k". Karani alikuwa anazijaza kwa kalamu barua ikishachapwa, moja moja, kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele. Pembeni, kwenye kile kiti kizima, alikaa mzee mwembamba mwenye koti la kaki, amekumbatia mnyororo wa kupimia ardhi kama anaubembeleza. Huyo ndiye Mzee Ndahani, fundi mpima, Mgogo wa Manyoni, mtoto wa mfanyakazi wa reli.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye afisa?"

"Ndiye mimi."

Akaniangalia viatu. Vilikuwa vya kisigino. "Kesho tunakwenda kwenye mawe. Njoo na miguu."

Nilikuja na malapa, yakakatika. Siku ya tatu alininunulia makubadhi ya tairi la gari pale sokoni, nikayavaa miaka sita. Mzee yule alinifundisha kazi yote ambayo chuoni hawakuifundisha. Alinifundisha kuvuta futi kamba hadi ikaze bila kuirefusha, kwa sababu futi iliyochoka inadanganya kuliko mtu. Alinifundisha kutafuta bikoni, ile nguzo fupi ya mpaka, iliyomezwa na majani kwa kuuliza wachunga mbuzi, maana mbuzi hupenda kujikuna pale. Na alinifundisha kutomwambia mwombaji jibu uwanjani hata akikupa uji, hata akikuita mwanawe. Kwa kuwa nilikuwa natembea na ile futi kamba begani, watu wa mjini wakaniita Mama Futi kabla sijapata hata mtoto mmoja. Jina limebaki.

Sasa kanuni. Mchoro wetu wa mji ulisema mtu asijenge nyumba ndani ya mita sitini kutoka maji ya Singidani yanapofika yakiwa yamejaa kabisa. Someni tena maneno ya mwisho: yakiwa yamejaa kabisa. Ziwa letu ni la chumvi, halina mto wa kutokea, na haliishi kubadili nia. Mwaka wa kiangazi linarudi nyuma hadi unaona uwanja mweupe ambapo wanawake wanakwangua chumvi, na mwaka wa mvua linarudi kuchukua chake. Kupima kutoka pale maji yalipo leo ni kumpima mtoto akiwa amechuchumaa. Kila mwombaji alitaka apimiwe mwezi wa kumi, maji yakiwa mbali kabisa. Walikuwa na akili, watu wa mji huu.

Basi mtu anajuaje maji yalipofika miaka ambayo yeye hakuwepo? Anauliza mawe. Kando ya Singidani kuna yale majabali yetu makubwa, na maji yakisimama kwenye jabali muda mrefu halafu yakashuka, yanaacha mstari wa chumvi. Shida ni kwamba kwenye majabali hayohayo wanaishi pimbi, na pimbi hukojoa mahali palepale, ukoo mzima, vizazi na vizazi, na mkojo wao ukikauka unaacha weupe kwenye jiwe. Wiki yangu ya pili nilisimama mbele ya jabali nikatangaza kwa sauti ya chuo kwamba hapa ndipo kina cha juu kabisa cha ziwa. Mzee Ndahani akacheka hadi akakaa chini. "Binti, ziwa likifika hapo juu, sisi wote Manyoni tutakuwa tunavua samaki. Hao ni pimbi!" Ofisi nzima ilijua kabla ya saa sita mchana. Mwezi mzima nikipita kwenye korido mtu ananiuliza pimbi hawajambo. Nikaapa moyoni kwamba mkojo wa pimbi hautanidanganya tena maisha yangu yote. Kiapo hicho ndicho kilichokuja kuniponza.

Miaka ya mwanzo kazi ilikuwa ndogo. Hapakuwa na saruji, hapakuwa na mabati, na aliyepata mifuko kumi ya saruji aliulizwa ameipata wapi. Halafu biashara zikafunguliwa. Loo! Mlikuwa hamjazaliwa wengi wenu. Ghafla dukani kuna kila kitu, mitumba imemwagwa sokoni hadi barabarani, malori ya alizeti hayo, mashine za kukamua mafuta zinanguruma kila mtaa, na kila aliyeuza magunia mawili anataka nyumba inayotazama ziwa. Zamani ziwa lilikuwa mahali pa kufulia. Sasa limekuwa "mandhari". Maombi ya kupunguziwa umbali yalianza kuja mawili kwa mwezi, yakawa mawili kwa siku.

Sikuwa mtu wa kukataa tu. Kukataa ni rahisi, hata mhuri unaweza kukataa. Kanuni yenyewe iliacha mlango: kama kiwanja kilipimwa zamani, na kwa umbo lake hakiwezi kubeba nyumba mita sitini zikikatwa, na mwenyewe hakujisababishia shida hiyo, basi kamati ya mipango miji inaweza kumpunguzia, kwa kiasi kidogo kinachotosha, bila kumhatarisha yeye wala jirani wala ziwa. Kamati ilikuwa ya madiwani, na madiwani walisoma dokezo langu. Dokezo likisema ndiyo, kwa kawaida walisema ndiyo. Mwalimu mmoja nilimkatalia mara tatu kwa sababu alitaka choo upande wa maji. Mfanyabiashara mmoja aliniambia ziwa hili litakauka lote miaka kumi ijayo kwa hiyo nisimbane. Nikamwambia likikauka aje, nitampa na katikati.

Bi Zainabu alikuja mwezi wa kumi, saa mbili asubuhi, amevaa baibui lililofifia na ameshika bahasha ya barua ya kiwanja. Baba yake alikuwa mtu wa pwani aliyekuja kuuza nguo akabaki, mama yake Mnyaturu wa Mwankoko, na mume wake aliyefariki alikuwa dereva wa lori. Alikuwa na watoto wanne na kibanda cha mitumba ya watoto sokoni. Waliishi kwa kupanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya alizeti, watoto wanakohoa vumbi la makapi mwaka mzima. Kiwanja kilikuwa cha marehemu, kimepimwa zamani kabla ya kanuni ya mita sitini.

"Mama Futi," akaniambia, "mimi sitaki kutazama ziwa. Nimeliona tangu nizaliwe. Nataka mahali pa kulaza hawa wanangu. Kingine sina. Nikikosea hapa, sina pa kuanzia."

Nikaenda kupima. Siku hiyo Mzee Ndahani alikuwa kwao Manyoni kwenye msiba, nikaenda na kibarua wa kushika ncha ya futi. Kwenye jabali lililo mpakani mwa kiwanja niliona mistari miwili. Wa chini ulikuwa mweupe safi, umenyooka. Wa juu yake, kama kimo cha kiuno cha mtu, ulikuwa mweupe mchafu, una madoa, na juu ya jabali pimbi wawili wamekaa wananiangalia kama wajumbe wa bodi. Nikacheka peke yangu. "Leo hamnipati," nikawaambia. Nikachukua mstari wa chini.

Kutoka mstari ule hadi mpaka wa barabara nilipata mita sitini na mbili. Yaani ukikata sitini, mama huyu amebakiwa na mita mbili, hata banda la kuku halitoshi. Hii ndiyo kesi ambayo kanuni iliiwazia. Nikaandika dokezo zuri, naona fahari kulikumbuka hata leo, nikapendekeza apunguziwe mita kumi na nne: ukuta wa nyuma wa nyumba uwe mita arobaini na sita kutoka mstari wa maji, nyumba yenyewe mita kumi, halafu mita sita za mbele ziachwe wazi kwa ajili ya barabara kama kila mtu. Kamati ikapitisha. Nikachora mahali pa nyumba kwa mkono wangu, sebule mbele, chumba cha watoto nyuma, nikatia sahihi, nikachomeka vigingi vinne uwanjani. Bi Zainabu alinishika mikono miwili. Mimi nilikwenda nyumbani nikijiona mtu.

Wiki iliyofuata nikahamishiwa Manyoni, nikakaa huko miaka miwili kupanga viwanja vya Itigi. Nayo ina mambo yake, ila si ya leo.

Niliporudi Singida mvua ilikuwa imeshaanza. Sitaitaja kwa jina, waliokuwepo wanaijua. Barabara zilikatika, mtama uliozea shambani, na watu walianza kupita ofisini kuuliza habari za ziwa. Juu ya meza yangu nilikuta faili la Bi Zainabu na karatasi mpya imebanwa mbele. Watu wa barabara, wakikagua mitaro, walikuta nyumba yake iko mita moja tu kutoka mpaka wa barabara. Mita moja, badala ya sita. Wanaomba kamati iamuru ibomolewe. Mwenyekiti ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Afisa atoe maoni kabla ya kikao."

Nilikasirika, siwafichi. Nilimpigania mwanamke yule. Nilimwandikia dokezo la kurasa mbili kwa taipu isiyo na "k". Halafu nageuza mgongo tu anasogeza vigingi! Kila mtu atasema Mama Futi alipewa kitu. Nikachukua futi kamba, nikamwita Mzee Ndahani, wakati huo amebakiza miezi michache astaafu, tukaenda huku mvua imepumzika kidogo.

Tulipima mbele kwanza. Mita moja na vidole viwili. "Kaipeleka mbele mita tano nzima," nikasema. Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, matofali ya kuchoma, msingi umeinuliwa. Bi Zainabu alikuwa sokoni, mlango una kufuli. "Tukapime na nyuma," akasema mzee, "ili maoni yako yawe kamili." Tukashuka kwenye jabali.

Mstari wangu haukuwepo. Nikautafuta. Nikazunguka jabali. Ndipo nikaelewa kwamba uko chini ya maji, tena maji yameshaupita kwa zaidi ya shibiri. Ule mstari ambao niliandika kwa herufi kubwa kwamba ndio mwisho wa maji yote, ziwa lilikuwa limeuvuka bila hata kuaga.

"Ulipimia wapi?" akauliza Mzee Ndahani.

Nikamwonyesha majini.

"Na huu wa juu uliuonaje?"

"Huo ni pimbi, mzee."

Hakucheka. Akasogea, akakwangua weupe ule kwa ukucha, akautia ulimini. Halafu akakwangua tena, akaninyooshea kidole. "Onja."

"Mzee!"

"Onja, binti. Mimi nimeshaonja."

Nikaonja. Ilikuwa chumvi. Chumvi tupu, ileile ya ziwani.

"Pimbi anakojoa kwa kushuka," akasema taratibu. "Anaanzia juu, mkojo unatiririka. Huu umelala. Umezunguka jabali zima kama mshipi. Hayo madoa ya juu ndiyo ya pimbi, yameudondokea. Hii ni chumvi ya zamani, mwanangu. Maji yamewahi kufika hapa, na yanarudi."

Nilimwogopa sana pimbi hadi nikaikana chumvi. Nikapiga hesabu kwa macho kutoka mstari ule wa juu, nikafuata mteremko, na macho yangu yakaingia moja kwa moja kwenye vigingi vyangu vinne vya zamani, viwili vikiwa bado vimesimama kwenye majani. Nyumba niliyochora ingeingia maji. Na chumba cha nyuma ndicho cha watoto.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikulisema siku mliponiaga. Nikiwa nimesimama pale, wazo la kwanza lililonijia halikuwa la Bi Zainabu. Lilikuwa kwamba nimepona. Mwanamke amekiuka kibali, hakuna atakayeuliza kibali chenyewe kilikuwaje. Naandika maoni, "amekiuka," kamati inabomoa, maji yanakuja yanakuta uwanja mtupu, na kosa langu linazama nalo. Lilikuwa wazo safi kabisa, halina hata kona. Naona aibu kwamba lilikuja haraka vile.

Mzee Ndahani aliniangalia kama aliyesikia. "Mficha uchi hazai," akasema, akaanza kukunja futi kamba.

Tulipopanda juu tukamkuta Bi Zainabu amefika, anapumua kwa nguvu. Mtu amemkimbilia sokoni kumwambia Mama Futi yuko kwake na kamba. Mkononi alikuwa bado ameshika gauni dogo la mtoto lenye kibanio. Alipotuona akaanza kulia kabla hata ya salamu.

"Mama Futi, mmekuja kutia alama nyekundu?"

"Bi Zainabu, nisikilize…"

"Nimekosa. Wallahi nimekosa, najua. Nilisogeza. Lakini usinibomolee, nakuomba, hawa watoto nitawapeleka wapi?"

"Kwa nini ulisogeza?" Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka.

Akafuta uso kwa lile gauni. "Fundi alipochimba msingi pale ulipochomeka, alitoa udongo mweupe. Akaniambia mama, matofali yataliwa hapa, huu udongo una chumvi. Nikauonja. Mimi mama yangu alikuwa anakwangua chumvi Mwankoko, naijua chumvi ya juu iliyoletwa na upepo na ile iliyolala na maji. Ile ilikuwa imelala na maji. Tukachimba mbele hatua moja, nikaonja. Hatua nyingine, nikaonja. Mpaka udongo ukawa hauna ladha. Ndipo nikamwambia fundi, anzia hapa."

"Mbona hukuja ofisini?"

"Nilikuja! Nikaambiwa umehama, na anayeshika faili hayupo, nirudi mwezi ujao. Fundi yuko na vibarua, mfuko wa saruji umeshafunguliwa. Nikaogopa. Nikisema kiwanja kina chumvi, si wataninyang'anya kibali chote? Nikanyamaza. Miaka miwili kila nikiona gari la halmashauri nafunga mlango."

Nikakaa kwenye ngazi yake. "Bi Zainabu," nikamwambia, "mimi nimekuja nimekasirika kwamba ulinidharau. Nimekuta mimi ndiye niliyekosea. Nilipima vibaya. Ungenitii, maji yangeingia wanapolala wanao."

Kisha akasema, "Na wewe uliogopa?"

"Tangu nusu saa iliyopita."

Akacheka huku analia, na mimi nikaanza kucheka, na Mzee Ndahani akatugeuzia mgongo akajifanya anachunguza mlingoti wa simu.

Lakini kucheka hakufuti wino mwekundu. Kikao kilikuwa siku tisa mbele. Nikaandika dokezo jipya, na lilikuwa gumu kuliko yote niliyowahi kuandika, ingawa lilikuwa nusu ukurasa. Lilisema kwamba afisa alipima kutoka alama isiyo sahihi, kwamba afisa ni mimi, kwamba mwenye nyumba alisogeza bila ruhusa lakini aliposogea ndipo panapofaa, na kwamba naomba kamati impunguzie sasa upande wa barabara mita tano. Mkuu wangu alilisoma mara mbili akaniuliza kama sina ndugu wa kunishauri. Siku zile tisa mvua haikukatika hata moja. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilipita kwa Bi Zainabu. Anachomeka kijiti pale maji yalipo, kesho yake kijiti kiko majini, anachomeka kingine.

Kwenye kikao nilisimama. Mwenyekiti alikuwa diwani mnene mwenye sauti ya mnada, mtu wa haki lakini asiyependa kuchezewa.

"Nielewe vizuri," akasema. "Aliyevunja kibali amekuwa sahihi, na aliyetoa kibali amekosea?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sheria ni msumeno, afisa. Kesho kila mtu atasogea barabarani atuambie ameonja udongo."

Wajumbe wakacheka. Mmoja akasema nyumba ibomolewe ili iwe fundisho, na mimi nitafutiwe barua ya onyo. Nikamjibu kwamba barua naipokea, hata leo, ila nyumba waiache. Nikasema, "Waheshimiwa, msiamini mdomo wangu. Umeshakosea mara moja. Twendeni mkaone."

Mwenyekiti akaangalia dirishani, mvua, akaangalia viatu vyake vipya. Akasimama. "Twendeni."

Tulikwenda kwa gari moja la wazi, wajumbe saba na mwavuli mmoja. Bi Zainabu alikuwa mlangoni na watoto wake wanne wamepangana nyuma yake, wamevaa nguo za Idi. Aliwasalimu wote mmoja mmoja, shikamoo kwa kila mkubwa. Maji yalikuwa yamefika hatua tatu tu kutoka ukuta wake wa nyuma, na hapo yalikuwa yamesimama tangu siku mbili zilizopita. Kijiti cha mwisho kilikuwa bado kiko pakavu.

Nilitandaza mchoro wangu wa zamani chini ya mwavuli. Mwenyekiti alitaka kujua vigingi vyangu vya kwanza vilikuwa wapi. Nikamwonyesha kile kimoja kilichobaki, kichwa chake kinachungulia majini. Mwenyekiti alivua viatu, akakunja suruali yake ya suti, akaingia majini mwenyewe, akasimama karibu na kile kigingi maji yakimfika kifundoni.

"Hapa nilipo," akaita, "kwenye mchoro wako ni wapi?"

"Chumba cha watoto, mheshimiwa."

Akainama akaangalia maji. Kisha akageuka akaitazama nyumba, na wale watoto wanne wamesimama ukutani, wakavu.

"Andika," akamwambia katibu, bado yuko majini. "Nyumba ibaki. Barabara itampisha."

Bi Zainabu alikaa chini palepale kwenye tope na baibui lake jipya. Nami nilikaa karibu naye.